Madaraja Yetu na Tetemeko la Nchi

Tangu Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba, 2016, watu wa Bukoba wamejifunza kutazama kuta. Aingiaye nyumba mpya huangalia kwanza pembe za madirisha. Fundi huulizwa kama ametia nondo juu ya milango. Mzazi ampelekaye mtoto shule ya bweni hutaka kujua bweni hilo lilijengwa mwaka gani na kwa matofali gani. Mafunzo hayo ni mema, nayo yalinunuliwa kwa bei kali. Saa 9 na dakika 27 alasiri ya siku ile nchi ilitetemeka kwa nguvu ya 5.9 katika kipimo cha matetemeko. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakaumia, na maelfu ya nyumba zikaanguka au zikapasuka zisifae tena kulaliwa. Mtaa wa Hamugembe ulipata pigo kubwa. Shule za Ihungo na Nyakato, ambazo zimeipa nchi hii watumishi wengi, ziliharibika hata ikabidi zifungwe kwa muda.

Katika mazungumzo yote yaliyofuata, msiba huo ulihesabiwa kwa nyumba. Ni haki, maana nyumba ndizo zilizoua. Lakini lipo jambo jingine ambalo kwa maoni yetu halijapata nafasi yake katika vikao vyetu, nalo ni habari ya madaraja. Madaraja makubwa ya mkoa yalibaki yamesimama siku ile, na kitu kilichosimama aghalabu hakizungumzwi. Twataka leo kukizungumza, kwa sababu kusalimika mara moja si hati ya kusalimika daima, na kwa sababu ufundi wa kulilinda daraja na tetemeko upo, umekwisha jaribiwa katika nchi nyingine kwa zaidi ya miaka 40, na sehemu yake iliyo kuu ni kitu ambacho kila mfanyakazi amekwisha kukishika mkononi, yaani mpira.

Watu wa Kagera hawana haja ya kufundishwa maana ya kukosa daraja. Mto Kagera washuka kutoka Rusumo, waenda kaskazini ukiwa mpaka wetu na Rwanda, kisha wageuka kuelekea mashariki hata wapite chini ya daraja la Kyaka katika wilaya ya Missenyi, ndipo uingie Uganda na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Nchi iliyo ng'ambo ya kaskazini, mpaka Mutukula, yaunganishwa na Bukoba kwa daraja hilo. Mwezi wa Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin, yakiwa yameivamia nchi hiyo, yalilibomoa daraja la Kyaka kwa baruti. Wazee wa Missenyi wanakumbuka yaliyofuata: wananchi na ng'ombe wao ng'ambo moja, majeshi yetu ng'ambo ya pili, na mto katikati. Ilibidi askari watandaze daraja la muda la vyuma ndipo jeshi livuke na silaha zake nzito. Vita vilipokwisha, mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto huo.

Kazi iliyofanywa na baruti mwaka ule, tetemeko laweza kuifanya kwa nusu dakika, tena bila kutangaza vita. Wala tusisahau kwamba kitovu cha tetemeko la 2016 kiliandikwa na wataalamu kuwa upande wa Nsunga, katika wilaya hiyo hiyo ya Missenyi, umbali usiofika kilometa 50 kutoka Kyaka.

Jambo jingine la kukumbuka ni hili. Mwezi ule wa Septemba meli ya MV Victoria, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba watu na mizigo baina ya Mwanza na Bukoba, ilikuwa haisafiri. Ilirudi majini mwaka 2020. Mahema, mabati na saruji za waliobomolewa vilitegemea barabara kwa sehemu kubwa. Ingalikuwaje kama daraja moja tu katika njia ya Muleba lingalilala mtoni siku ile ile? Malori ya misaada yangalipanga foleni ng'ambo, na watu waliolala nje kwa kuogopa kuta zao wangaliendelea kulala nje, na mvua za vuli zikiwa njiani.

Wako wasemao kuwa lile la 2016 lilikuwa jambo la ajabu lisilorudi. Hasha. Magharibi yetu liko lile bonde kuu la ufa litokalo Ziwa Albert, likapita Edward, Kivu na Tanganyika hata Rukwa, ambapo gamba la dunia lapanuka polepole, milimeta chache tu kwa mwaka. Jirani zetu Waganda walilijua jambo hili zamani sana, kabla hapajatokea chombo chochote cha kupimia, hata wakampa mungu wa matetemeko jina lake mwenyewe, Musisi. Tarehe 13 Desemba, 1910, upande wa Rukwa ulitikiswa kwa nguvu ya 7.4, na tetemeko hilo lahesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kuandikwa katika Afrika. Msomaji asidhani kuwa tofauti ya 5.9 na 7.4 ni ndogo kwa kuwa tarakimu zakaribiana. Kwa hesabu ya wataalamu, nguvu iliyofunguliwa mwaka 1910 yapita ile ya Bukoba karibu mara 180. Tarehe 20 Machi, 1966, ilikuwa zamu ya Toro, mpakani mwa Uganda na Kongo, na watu zaidi ya 100 walikufa. Tarehe 3 Februari, 2008, Bukavu na sehemu za Rwanda zilizo karibu nayo zilipigwa kwa nguvu ya 5.9, sawasawa na yetu. Na yetu ilizaliwa chini sana, kiasi cha kilometa 40 ndani ya ardhi. Kina hicho ndicho kilichotupunguzia makali. Tetemeko la nguvu hiyo hiyo likizaliwa kilometa 10 tu chini ya miguu yetu, hesabu ya marehemu itakuwa nyingine.

Sasa tuulize, daraja huangushwa vipi na tetemeko? Wengi hudhani kuwa nguzo huvunjika kwa kuelemewa. Sivyo. Uzito wa kwenda chini daraja limeuzoea, usiku na mchana, pamoja na malori ya sukari na ya saruji. Tetemeko huja kwa ubavu. Abiria asimamaye ndani ya basi alielewa jambo hili zamani: basi likiondoka ghafula, miguu yafuata basi na kiwiliwili chabaki nyuma. Akiwa amekaza magoti, ataangukia mapaja ya watu. Akiyalegeza, atayumba kidogo na kubaki wima. Nguzo za daraja ndizo miguu, na sakafu yake ya zege, yenye mamia ya tani, ndiyo kiwiliwili. Ardhi ikizivuta nguzo upande mmja ghafula, sakafu yakataa kwenda. Na katika ugomvi huo ama nguzo yapasuka, ama sakafu yateleza hadi ncha yake yatoka juu ya kitako ilipokalia.

Mambo haya yametokea kwa mataifa yenye fedha na wahandisi wengi kuliko sisi. Tarehe 17 Oktoba, 1989, kipande cha sakafu ya daraja kubwa la San Francisco, Marekani, kilitoka katika kitako chake na kuangukia sakafu ya chini. Tarehe 17 Januari, 1995, alfajiri, barabara ya juu iitwayo Hanshin katika mji wa Kobe, Japani, ilipinduka ubavu kwa urefu wa mita 635, pamoja na nguzo zake, kama mti uliokatwa. Katika mji ule na vitongoji vyake walikufa watu zaidi ya 6,400. Baada ya hapo Wajapani walizipitia upya kanuni zao za kujenga madaraja, na Hanshin ilipojengwa tena ilikalishwa juu ya mpira. Barabara nzima ilifunguliwa mwaka 1996.

Tunaposema "juu ya mpira", msomaji asicheke. Kila daraja la kisasa lina mahali ambapo sakafu yakutana na nguzo, na mahali hapo hapafungwi kwa zege moja kwa moja, kwa sababu ya jua. Boriti ya chuma yenye urefu wa mita 100, joto likipanda nyuzi 30, hurefuka kwa milimeta 36 hivi. Isipopewa nafasi ya kusogea, itaisukuma nguzo mpaka ipasuke. Kwa hiyo wahandisi huweka katikati kitu cha kupokea mwendo huo, nao hukiita beringi, ingawa hakifanani hata kidogo na zile beringi za golori tuzijuazo katika baiskeli. Zamani ilikuwa ni magurudumu ya chuma yanayobiringika juu ya bamba. Yakipata kutu, hugoma. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika daraja la Pelham mjini Lincoln, Uingereza, zilitiwa beringi za mpira badala ya hizo za chuma, na tangu hapo mtindo huo umeenea duniani.

Siri yake yaonekana ukiikata katikati. Kipande cha mpira mtupu, ukikibana chini ya uzito mkubwa, hutokeza tumbo pembeni na kujiponda. Lakini ukiupanga mpira kwa matabaka membamba, kila tabaka kiasi cha sentimeta moja, na kati ya matabaka ukatia mabamba ya chuma ya milimeta chache, kisha vyote vikapikwa pamoja kwa joto na salfa hata vikashikana vikawa kitu kimoja, mpira hauna tena njia ya kutokeza tumbo, kwani bamba lauzuia juu na chini. Sasa wabeba mamia ya tani bila kubonyea. Hata hivyo, ukisukumwa kwa ubavu, kila tabaka lateleza kidogo juu ya mwenzake, kama karata zilizopangwa mezani ukizisukuma kwa kiganja. Kitu kimoja, basi, kina tabia mbili: kigumu kwa kwenda chini, laini kwa kwenda upande. Hayo ndiyo magoti aliyoyalegeza yule abiria.

Faida yake yapimika. Daraja fupi lenye nguzo nene, likikalishwa kwa ugumu, huyumba na kurudi kwa muda usiofika nusu sekunde, na juu ya mwamba matetemeko mengi hupiga kwa haraka hiyo hiyo, kwa hiyo pigo na mwyumbo hupatana na kuongezana, kama mtu amsukumaye mtoto katika bembea kwa wakati wake barabara. Likikalishwa juu ya beringi za mpira zilizopimwa vema, huyumba polepole, kwa sekunde 2 hivi. Ardhi huenda na kurudi mara kadhaa kabla sakafu haijaondoka ilipo. Nguvu iifikiayo nguzo yaweza kushuka hata theluthi moja ya ile ya kwanza, au chini ya hapo.

Lakini mpira peke yake una kasoro moja: ukishaanza kuyumba hautaki kunyamaza. Dawa ilipatikana New Zealand, nchi ya matetemeko mengi, katika miaka ya 1970. Mtaalamu Bill Robinson alitoboa tundu katikati ya beringi, akalijaza kigogo cha risasi, madini yale yale mazito na laini. Mwendo mdogo, kama wa upepo au breki za malori, risasi yauzuia. Tetemeko likija, risasi yakubali kupindwa, na katika kupindwa huko yaila nguvu ya tetemeko na kuigeuza kuwa joto, kisha mpira wairudisha sakafu karibu na mahali pake. Beringi za namna hiyo zimo leo katika madaraja na majumba mengi, kuanzia New Zealand mpaka Japani na Marekani.

Msomaji mwenye baiskeli atauliza: mpira si huoza? Kweli tairi la baiskeli hupasuka kwa jua. Lakini beringi hukaa kivulini chini ya sakafu, nayo ni nene, na hewa huula mpira kwa juu juu tu. Katika mji wa Melbourne, Australia, vipande vya mpira vilitiwa chini ya daraja la reli mwaka 1889; vilipotazamwa baada ya karibu miaka 100 vilikuwa vimechakaa ngozi ya nje tu, na ndani vilikuwa vizima.

Hapa ni lazima tuseme ukweli wote, kwani gazeti lisifialo dawa bila kutaja madhara yake halimsaidii mgonjwa. Mwaka ule ule wa 2016, mwezi wa Aprili, tetemeko kubwa lilipiga Kumamoto, Japani. Daraja la Okirihata katika sehemu hizo lilikuwa limekalia beringi za mpira, nazo zilikatika. Sakafu ilisogezwa kwa ubavu, ingawa ilibaki juu ya nguzo zake na haikuanguka bondeni. Kwa hiyo beringi si hirizi. Ina kipimo, na tetemeko likipita kipimo hicho yakatika. Ndiyo maana mhandisi mwangalifu huweka pia kitako kipana na vizuizi vya chuma, ili sakafu ikitoka katika beringi ipate mahali pa kulalia.

Madhara ya pili yatuhusu sisi zaidi. Beringi huliokoa daraja kwa kulifanya liyumbe polepole. Lakini juu ya udongo mwororo ardhi nayo huyumba polepole. Tarehe 19 Septemba, 1985, mji wa Mexico, uliojengwa juu ya tope la ziwa la kale, ulibomolewa na tetemeko lililozaliwa zaidi ya kilometa 350 mbali nao, kwa sababu tope lile liliyumba kwa sekunde 2, na majumba ya ghorofa nyingi yakapatana nalo. Sasa fikirini mabonde yetu. Juu ya magenge ya Bukoba pana mawe magumu, ya kale sana, hata wanajiolojia wameyapa mawe ya aina hiyo jina la Bukoban kwa heshima ya mji wetu. Lakini madaraja hayajengwi juu ya magenge. Hujengwa bondeni, penye mafunjo na tope, kama katika bonde la Kagera na la Ngono. Mtu atakayechukua beringi iliyopimwa kwa ajili ya mwamba wa nchi nyingine na kuiweka juu ya tope letu, yamkini atakuwa ameongeza hatari badala ya kuipunguza. Kwanza udongo utobolewe na kupimwa, mpaka chini kwenye mwamba, ndipo mtu aseme daraja likalie nini.

Kwa sababu hizo hatudai kwamba kila kalvati na kila kidaraja cha mita 10 katika wilaya ya Muleba kitiwe mpira wenye risasi. Huo ungekuwa ubadhirifu. Kidaraja kifupi, kilichoshikamana na kingo zake, huenda pamoja na ardhi na hurudi pamoja nayo. Twazungumza habari za madaraja machache ambayo yakikosekana hakuna njia ya pili iliyo karibu: Kyaka, na Rusumo, ambako daraja jipya la mita 80 lilijengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa na Marais Magufuli na Kagame mwezi wa Aprili 2016, na yale ya barabara kuu kutoka Bukoba kupita Muleba na Biharamulo. Tangu Juni 2025 njia hiyo ya Mwanza ina daraja la Kigongo na Busisi, lenye kilometa 3 hivi, mahali ambapo zamani watu walingoja kivuko. Na kadiri njia inavyokuwa nzuri ndivyo biashara ya kahawa, ndizi na samaki inavyozidi kuitegemea, na ndivyo hasara ya kukatika kwake inavyoongezeka.

Katika gharama za daraja kubwa, beringi ni sehemu ndogo. Nguzo, zege na nondo ndizo zilazo fedha. Na daraja litiwalo beringi tangu mwanzo laweza kupunguziwa unene wa nguzo na misingi, kwa kuwa nguvu izifikiayo ni ndogo. Lililo ghali ni kurudi baada ya miaka 30, kuinua sakafu kwa jeki na kutia kitu ambacho kilipaswa kuwapo. Basi twaomba jambo lililo rahisi: kila zabuni ya daraja kubwa katika mkoa wa Kagera iseme waziwazi daraja hilo limepimwa kustahimili mtikisiko wa kiasi gani, udongo wake ulionekanaje, na sakafu imekalia nini. Maneno hayo yaandikwe kwa Kiswahili, madiwani wayasome. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania inayo kazi ya kufuatilia matetemeko. TANROADS wanayo kazi ya kutunza barabara kuu. Watu wa taasisi hizo mbili wakae meza moja kabla ya mkandarasi hajaitwa, si baada.

Kuhusu mpira wenyewe, kuna jambo la kuwafikirisha wafanyakazi na wakulima. Wakati wa Wajerumani mashamba ya mpira yalienea sana upande wa Muheza, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913 kwa sababu ya mpira wa Malaya, na mengi yakaachwa yawe pori. Hata sasa miti ya mpira ipo katika mashamba ya Shirika la Maendeleo la Taifa huko Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero. Lakini kiwanda cha matairi cha General Tyre, Arusha, kilisimamisha kazi mwaka 2009. Linganisheni na hao hao wa Malaya. Utafiti mwingi wa beringi za mpira ulifanywa katika maabara yao iliyoko Uingereza, kwa fedha zilizokatwa katika kila ratili ya mpira wa wakulima wao, waliokuwa wakitafuta matumizi mapya ya mazao yao. Mkulima wa kahawa wa Bukoba ajua sana kukatwa fedha katika kilo. Ana haki ya kuuliza fedha zake zimezaa uvumbuzi gani. Hata hivyo asije mtu akatuambia kesho kwamba beringi zaweza kuchongwa mtaani kutoka matairi makuukuu. Katambuga zafaa miguuni. Beringi ya daraja hubanwa na kusukumwa kwa mashine, ipimwe mpaka ijulikane itakatika wapi, ndipo ipewe hati.

Limebaki neno la utunzaji, na hapo lawama haiwaendei wahandisi peke yao. Beringi hukaa mahali pasipoonekana, juu ya nguzo, chini ya sakafu. Mchanga na majani yakijaa katika nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mwendo, sakafu haiwezi kusogea, na ufundi wote ule wawa bure. Mafuta ya magari yakimwagika juu yake, mpira huvimba na kulainika. Wako wachomao mkaa na matofali chini ya madaraja kwa kuwa pana kivuli. Moto huo huunguza mpira, tena huudhoofisha hata pasipoonekana alama. Wako wachimbao mchanga miguuni pa nguzo, wauze lori kwa lori. Na wako wanaofungua vyuma vya daraja usiku kwa ajili ya chuma chakavu. Watu hao wakazi wa vijijini wanawajua kwa majina. Si kazi ya polisi peke yao kuwanyamazisha.

Tena iwekwe kanuni ya siku ya tetemeko lenyewe, ijulikane kabla haijafika. Mwaka 2016 kila mtu alikimbilia nyumbani kwake, na ni ubinadamu. Lakini wawepo watu waliokwisha tajwa, wawili kwa kila daraja kubwa, ambao kazi yao saa ile si nyumba zao bali daraja. Waende na tochi, kamba na rula. Watazame kama reli za pembeni zimenyooka au zimepinda mahali sakafu mbili zinapokutana. Wapime kama pengo hapo limepanuka au limefunga kuliko kipimo kilichopakwa rangi ukutani. Washuke chini watazame kama beringi zimesimama wima au zimelala upande, na kama nguzo ina nyufa za mshazari. Wakiona moja ya hayo, waweke kamba na kuyazuia malori na mabasi pande zote mbili, wapige simu, na wabaki hapo mpaka mhandisi afike, kwa sababu tetemeko la kwanza mara nyingi hufuatwa na mengine madogo siku hiyo hiyo na siku zinazofuata.